Mkono Uliojifunza Juu ya Mwili wa Masikini

Hapana mtu mwenye akili atakayekanusha ya kwamba kumtibu mgonjwa asiye na kitu ni wema mkubwa. Hilo halina haja ya kuandikiwa makala. Lakini nyuma yake liko swali ambalo sisi watu wa pwani aghalabu hatuliulizi, kwa kuwa tumezoea kuwa ndio tunaotibiwa, na mwenye kupewa hana desturi ya kumhoji mwenye kutoa. Swali lenyewe ni hili: daktari mwanagenzi anapojifunza kupasua, hujifunza juu ya mwili wa nani? Na akisha kufuzu, mkono wake ule ni haki ya nani?

Tumelizungumza jambo hili katika darsa yetu mara nyingi, nasi tumeona tuliandike. Mara kwa mara hutangazwa katika miji yetu na visiwa vyetu ya kwamba wapasuaji wa kujitolea watakuja, watakaa wiki moja au mbili, watapasua midomo sungura, mabusha, mtoto wa jicho na maradhi ya wanawake, wala hawatamtoza mtu kitu. Watu hutoka Faza, Kizingitini na Kiwayu kwa mashua, hulala vibarazani, hungoja zamu. Wenye bahati huitwa. Kisha wageni hufunga masanduku yao, hushukuriwa kwa hotuba ndefu, na huondoka. Aliyeachwa nje ya orodha hurejea kwao na ugonjwa wake, akingoja watakapokuja tena, ikiwa watakuja.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Twalipenda sana neno hili, na kwa habari ya wapasuaji limekuwa kweli kwa maana yake ya dhahiri kabisa. Lakini wazee wale wale walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la mpasuaji ni nini, ila kumfundisha atakayebaki?

Msomaji wa Lamu, Malindi au Mombasa huenda akastaajabu kuona twamtoa baharini twampandisha mpaka Eldoret, mji wa baridi na mashamba ya ngano na mahindi, ambao wenyeji wake wa zamani waliuita Sikisti-foo kwa nambari ya shamba ilipojengwa posta ya kwanza. Twafanya hivyo kwa sababu kule ndiko jambo hili lilikojaribiwa, kwa miaka zaidi ya thelathini, mbele ya macho ya watu.

Hospitali ya Eldoret ilianza mwaka 1917, nayo ilikuwa ndogo sana. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na mwaka 1990 kikapokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari. Mwaka 1998 hospitali ile ikafanywa kuwa ya rufaa ya taifa, ya pili baada ya Kenyatta ya Nairobi. Tangu siku za mwanzo walishirikiana nao madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Hao wangaliweza kufanya kama wafanyavyo wengi, yaani kuja na masanduku ya dawa, kutibu siku chache na kurudi makwao. Waliafikiana na wenyeji jambo jingine: daima pawe na daktari wao anayekaa Eldoret kwa miaka, anayezunguka wodini pamoja na wenyeji, asubuhi kwa asubuhi, na wanafunzi wa Eldoret nao wapate kwenda Indianapolis kusoma, kama vile wa kule wanavyokuja huku. Daktari Joe Mamlin, mmoja wa walioasisi ushirika huo, alikaa miaka mingi mpaka akawa mtu wa mji. Ulipozidi ukimwi, mwaka 2001 ukatoka humo mpango mkubwa wa matibabu unaojulikana kwa jina la AMPATH, na wanaouendesha kwa sehemu kubwa ni Wakenya wenyewe.

Hao ni madaktari wa kila namna. Lakini swali letu ni la kisu, na kwa kisu Eldoret ina mfano ulio karibu zaidi. Iko katika mji huo hospitali ya wanawake iitwayo Gynocare, aliyoianzisha Daktari Hillary Mabeya, na kazi yake kubwa ni kutengeneza fistula. Tutasema wazi ni kitu gani, kwa kuwa haya za mahali pasipo haya zimewadhuru wanawake wetu vya kutosha. Mwanamke ashikwapo na uchungu wa kuzaa, na mtoto akakwama siku mbili au tatu asipate wa kumpasua, kichwa cha mtoto huibana nyama iliyo baina ya kibofu na njia ya uzazi hata ikafa. Mtoto aghalabu huzaliwa maiti. Baada ya siku chache nyama ile hutoka, hubakia tundu, na mkojo humtiririka mama usiku na mchana asiweze kuuzuia. Mume humwacha, majirani humkimbia kwa harufu, na wako wanaokaa hivyo miaka ishirini wakidhani wamerogwa. Tiba yake aghalabu ni kupasuliwa. Dawa ya kunywa haipo.

Mwaka 2014 ulianzishwa mpango wa kuwatibu wanawake hao nchini Kenya, kwa fedha zilizotoka nje kwa njia ya jumuiya iitwayo Fistula Foundation, na Gynocare ikafanywa mahali pa kuwafunzia wapasuaji wengine. Humo huja madaktari kutoka hospitali za mbali, husimama mezani karibu na mwalimu, na hufuata mafunzo yaliyopangwa na shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi: kwanza matundu madogo yaliyo mepesi, kisha yaliyo magumu, kisha yale ambayo mabingwa wachache tu huyathubutu. Akisha kufuzu daraja yake hurudi kwao, ili mwanamke wa huko asilazimike kusafiri siku nzima kwa basi akiwa amelowa, na abiria wenzake wakifungua madirisha.

Hapa ndipo penye taabu ambayo wanaosifu mafunzo huipita mbio. Tuseme bingwa humaliza kazi yake kwa saa moja. Akimwachia mwanagenzi kisu, naye akasimama kando akimwongoza, kazi ile ile yaweza kuchukua saa mbili au tatu. Basi siku ambayo wangalitibiwa wanawake sita, hutibiwa watatu, na watatu huambiwa wangoje. Na liko zito zaidi. Wajuzi wa kazi hii wanasema ya kwamba mara ya kwanza ya kushona tundu ndiyo yenye matumaini makubwa kuliko zote. Likishindikana, nyama huwa kovu, na kila jaribio linalofuata huwa gumu kuliko lililotangulia. Kwa hiyo anayempa mwanagenzi nafasi ile ya kwanza ametoa katika mali isiyo yake. Ni ya yule mama aliyelala.

Fundi wa jahazi wa Matondoni humpa mwanagenzi wake ubao apige randa, na akiuharibu ubao hutupwa au hukatwa ukafanywa kitu kingine. Ubao hauna uchungu wala hauna mume wa kurudi kwake. Je, yajuzu kumfanya binadamu kuwa ubao wa kujifunzia kwa kuwa hakulipa? Maana twajua sote ya kwamba mke wa tajiri hapasuliwi na mwanagenzi. Tajiri huuliza jina la daktari, huuliza amefanya kazi hii mara ngapi, na jibu lisipompendeza hupanda ndege akaenda India. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Na asidhani mtu kwamba twatia chumvi. Elimu hii hii ya kushona fistula ina asili ya kutisha. Katika miaka ya 1840 alikuwako Alabama, Marekani, daktari jina lake James Marion Sims. Alitafuta njia ya kuliziba tundu hilo, na akajifunza juu ya miili ya wanawake watumwa weusi. Watatu majina yao yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Aliwapasua bila ya nusukaputi. Anarcha peke yake alipasuliwa mara thelathini au karibu yake kabla ya kufaulu. Ruhusa ilikuwa ya mabwana wao, kwani mtumwa hakuwa na mwili wa kuutolea ruhusa. Akisha kufaulu, Sims alihamia New York akapata umaarufu na utajiri, akatibu mpaka wakubwa wa Ulaya. Akasimamishiwa sanamu, ambayo iliondolewa katika bustani ya Central Park mwaka 2018. Sisi wa pwani, ambao masoko ya watumwa yalikuwa katika miji yetu wenyewe, si watu wa kuisoma hadithi hii kama ya mbali.

Atakuja mtu aseme: ikiwa ni hivyo, wanagenzi wasiguse kisu, wapasue mabingwa peke yao, na sisi tungoje zamu yao. Jibu lake ni hesabu. Jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la Lancet lilisema mwaka 2015 ya kwamba watu bilioni tano duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama wanaoumudu gharama yake, na kwamba zahitajika operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka. Hapana idadi ya wageni itakayofikia hapo, hata kama kila ndege itueyo Manda itawashusha wapasuaji watupu. Tena bingwa ni mtu, na mtu hufa. Anayekataa wanagenzi wasijifunze juu ya mama huyu amemhukumu binti yake asipate wa kumshona.

Basi mwanagenzi ni lazima ajifunze, na ni lazima ajifunze juu ya mtu aliye hai. Tukiisha kukubali hilo, yabaki kuuliza ni lipi lililomtofautisha Sims na mwalimu wa Eldoret, maana kisu ni kile kile na tundu ni lile lile. La kwanza li wazi: mama aambiwe ukweli kwamba atakayemshika ni mwenye kujifunza, na akikataa asifukuzwe wala asisogezwe mwisho wa foleni. Ruhusa ya mtu asiye na mlango mwingine wa kubisha ni ruhusa dhaifu, nasi hatudhani udhaifu huo waweza kuondoka wote. Lakini upo udhaifu na uko udanganyifu. La pili ni kuwa mkono wa mwalimu uwe karibu hata uweze kupokea kisu wakati wowote. Haya mawili hospitali nyingi huyaandika na kuyabandika ukutani.

La tatu haliandikwi popote, nasi twaliona ndilo kubwa. Ujuzi uliopatikana katika mwili wa yule mama uwarudie watu walio kama yeye. Tazama Addis Ababa. Mwaka 1959 walifika huko mume na mke, Reginald na Catherine Hamlin, madaktari wa uzazi, kwa mkataba wa miaka mitatu. Wakaona wanawake wa fistula, wakabaki, na katika miaka ya 1970 wakajenga hospitali yao. Miongoni mwa wanawake waliotibiwa na hao alikuwako binti wa mashambani, Mamitu Gashe, asiyejua kusoma wala kuandika. Baada ya kupasuliwa alikaa hospitalini akitandika vitanda, kisha akawa akishika vyombo mezani, kisha akawa akikata uzi, na mwisho mwalimu akamtia kisu mkononi. Akawa mpasuaji hodari wa fistula, na madaktari wenye shahada zao walikwenda Addis Ababa kujifunza kwake. Mwaka 1989 Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha London kilimpa nishani ya dhahabu pamoja na akina Hamlin. Reginald alikufa mwaka 1993, na Catherine mwaka 2020, mwenye umri wa miaka 96. Hospitali haikufungwa.

Anarcha na Mamitu wote wawili waliulipia ujuzi kwa miili yao. Wa kwanza ujuzi ule ulitoka kwake ukaenda kwa wenye nguvu, naye hakupewa hata shukrani. Wa pili ulimrudia mwenyewe, na kwa mikono yake ukawarudia maelfu ya wenzake. Kwa hiyo twasema ya kwamba mkono uliojifunza juu ya mwili wa masikini ni amana. Mwenye mkono huo si mmiliki wake peke yake. Akitoka pale akaenda mji mkuu akafungua hospitali ya wenye nacho tu, au akapanda ndege moja kwa moja kwenda Uingereza asitazame nyuma, sheria ya nchi haitamshika, wala sisi hatutaki afungwe kamba mguuni. Lakini asiseme kwamba haviwi na mtu deni. Anawiwa na wanawake ambao majina yao hakuyashika. Deni lenyewe laweza kulipwa kwa njia nyingi: kwa miaka ya kukaa, kwa kuja miezi kadhaa ya mwaka, kwa kumfundisha mwingine badala yake.

Sasa turudi visiwani kwetu, tuwapime wageni wetu kwa mizani hiyo hiyo. Tangu mwaka 1964 madaktari wa Kichina kutoka mkoa wa Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu, kundi hili likiondoka jingine likiingia. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mwaka 2014 lilifunguliwa jengo la kupasulia ubongo na uti wa mgongo, kwa juhudi za mpasuaji wa Kihispania José Piquer na jumuiya yake ya NED. Wapasuaji wa ng'ambo huja huko kwa kujitolea, hutibu watoto wenye vichwa maji na migongo wazi, na wenyeji hufunzwa pale pale. Kwetu Lamu, mwaka 2015 Umra Omar, mwenye asili ya huku huku, alianzisha Safari Doctors, ambayo hupeleka matabibu kwa mashua katika vijiji vya visiwani na vya upande wa mpaka. Hao kazi yao kubwa si kupasua, nasi tumewataja kwa sababu moja: mgeni wa kwao ni mwenyeji.

Kila mmoja katika hao aulizwe swali lile lile, nalo si la ukosefu wa adabu. Walipoondoka, ni nani aliyebaki akijua la kufanya ambalo hakulijua walipokuja? Jibu likiwa ni jina la mtu, ziara ile imeacha kitu. Jibu likiwa ni idadi ya waliopasuliwa peke yake, tutashukuru kwa hao, kwani kila aliyepona ni roho. Lakini tujue kwamba mwakani tutakuwa pale pale.

Na si wageni peke yao wenye kuulizwa. Al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliona katika zama zake ya kwamba elimu ya tiba ni faradhi ya kifaya, nao mji mzima ukiiacha mji mzima hupata lawama. Akawalaumu watu wa miji ambao vijana wao walikimbilia elimu ya sheria kwa wingi, ilhali mjini hamna tabibu ila wa dini nyingine. Zimepita karne tisa. Tuhesabu katika mitaa yetu ni vijana wangapi tuliowasomesha udaktari, na kati ya hao ni wangapi waliotaka kurudi wakakuta pa kurudi.

Maana huyo anayerudi hurudi kwenye nini? Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko chini ya serikali za kaunti. Mwishoni mwa 2016 madaktari wa Kenya waligoma, na mgomo ukaendelea siku mia hata Machi 2017, wakidai makubaliano waliyotiliana saini na serikali miaka mitatu nyuma. Aliyefunzwa Eldoret akarudi kisiwani akakuta taa ya chumba cha upasuaji imeungua, mtu wa nusukaputi hayuko, damu ya akiba hakuna na mshahara umekawia miezi, hataweza kuilipa amana yake hata akitaka. Mkono wake utasahau. Mpasuaji asiyepasua hurudi nyuma kama hafidhi asiyepitia juzuu zake. Hapo aliyekula amana si yeye, ni sisi na wale tuliowachagua.

Twajua watasema baadhi ya ndugu zetu kwamba masikini hachagui, na kwamba tukianza kuwauliza wageni maswali hawatakuja tena. Sisi hatuoni hivyo. Mgeni aliye mkweli hufurahi kuulizwa jambo hili, kwani ndilo linalomkosesha usingizi yeye mwenyewe arudipo kwao. Na asiyetaka kuulizwa, tutakuwa tumejua. Kwa hiyo tumeafikiana katika darsa yetu ya kwamba tangazo la wapasuaji likiletwa tena kusomwa baada ya sala, watu wawili wetu wataenda kwa mganga mkuu wa hospitali kabla ya wageni kufika, wamwulize ni daktari gani na muuguzi gani wa hapa watakaosimama mezani siku zote za kazi, na ni vyombo gani vitakavyobaki. Fundi wa taa tunaye miongoni mwetu. Nyumba ya kumkalisha daktari mwaka wa kwanza bila kodi ameahidi mmoja wa wazee, naye ametaka jina lake lisiandikwe.